Mgonjwa wa Tano

Anastazia, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Ukifungua karatasi hii uwe umeshavuka mto. Kama umeifungua kabla, basi kweli wewe ni wa ukoo wa babu yako, watu wasioweza kubeba kifurushi bila kukichungulia, wala sitashangaa. Soma tu.

Mkono ni wa Shomari mwenye duka, maneno ni yangu. Nimefika hapa Ifakara tangu mchana, nikakaa juu ya gunia lake la chumvi, nikamwambia, "Leo huuzi. Leo unaandika." Akasema barua huanza na salamu, ndiyo desturi ya kwao pwani. Nikamwambia huyu mtu tumeamka naye nyumba moja, ameniamkia shikamoo nikamwitikia marahaba, salamu gani tena? Basi salamu hazimo.

Sikuandikii habari za kula vizuri wala za kujifunika ukilala. Umekaa kwa masista misimu miwili ya mvua ukijifunza na hukufa. Nakuandikia kwa ajili ya lile neno ulilolisema juzi tukipepeta mpunga.

Ulikuwa unacheka. Ulisema, "Bibi, nimepewa wagonjwa wanane wa vidonda, kila asubuhi nawafungua vitambaa, nawaosha, halafu namwambia Sista hali zao. Lakini mmoja simgusi. Ni baba yake Damiani, mwenye kidonda cha mguu. Nikifika kwake nageuza uso, na yeye anavuta blanketi, tunaachana hivyo. Sista akiuliza, nasema kinaendelea vizuri." Ukapeperusha makapi, ukaingia katika habari za yule mgonjwa anayeimba usingizini.

Mimi nikauliza, "Siku ngapi?"

"Tangu nianze kazi, Bibi. Kama tisa hivi, mpaka nilipopewa ruhusa ya kuja."

Jioni ile nikakuambia mto unajaa, usingoje Jumapili, uondoke mtondo. Ukanuna. Mto haujajaa, mjukuu wangu. Nilikudanganya ili uondoke upesi, kwa maana siku zako za likizo nazo zinahesabika kwenye ule mguu. Na sikukuambia mbele yako kwa kuwa naujua mdomo wangu. Ningeanza kwa kupiga kelele, wewe ungelia, tungeishia kula wali tukiwa tumenuna, na neno lenyewe lingebaki halijasemwa.

Najua Damiani ameshaleta mahari. Najua tangu siku ile baba yake ni mkwe wako, humtazami usoni, huli mbele yake, hutaji jina lake, ukikutana naye njiani unaingia majanini mpaka apite. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha, na ulipokosea nilikufinya. Kwa hiyo sina haki ya kukushangaa. Ninachotaka ni kukueleza jambo ambalo sijamweleza mtu tangu vita ya maji, ila babu yako, naye nimemweleza jana.

Wewe wakati ule ulikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, labda unakumbuka moshi. Unanijua mimi kama mkunga, unaona watu wanakuja kuniita mpaka kutoka Namawala, unadhani nilizaliwa na kazi hii. Kwetu mwanamke hashiki wagonjwa mpaka aache kuzaa yeye mwenyewe. Nilipoacha kuzaa, shangazi yangu akanichukua, akanifundisha misimu miwili, kama wewe na masista wako. Mtoto wa kwanza niliyempokea peke yangu nilisahau uzi wa kufungia kitovu. Nikakata shanga zangu za kiunoni nikatumia uzi wake. Shanga zikatawanyika nyumba nzima, mzazi anacheka huku anatokwa jasho, ananiambia, "Mama, umekuja kuzalisha au kucheza ngoma?" Lakini mtoto alipona, na mimi nikatoka pale kifua mbele. Nikadhani nimekwisha kujua.

Ndipo vita ikaja.

Baba yake babu yako, mkwe wangu, alikuwa mzee tayari, lakini alikataa kubaki na wanawake. Alikunywa ile dawa ya maji pamoja na wanaume wengine. Wakaambiwa miiko yake, na mwiko mmoja ulikuwa mtu asimguse mwanamke mpaka vita iishe, na anayeishika miiko risasi ya Mdachi itageuka maji. Alikwenda akitembea, akarudi amebebwa na watu wawili. Risasi ilikuwa imepita pajani, juu kabisa, karibu na kinena. Shomari hapa amekohoa, anauliza kama neno hilo aliandike. Nimemwambia aliandike, unakokwenda wewe utayaona mengi kuliko hilo.

Majeruhi walifichwa kwenye matete upande wa Mofu, mahali ambapo askari wangehitaji mtumbwi na mtu wa kuwaonyesha njia. Mchana hatukuwasha moto. Wagonjwa walilala juu ya mikeka, kila mmoja na kibanda chake cha nyasi. Aliyewatunza alikuwa mwanamke mmoja, Bibi Matingo, mfupi, mwenye sauti kama ya kanga jike. Nilipofika aliniangalia mikono kabla ya uso.

"Umefundishwa?"

"Nimefundishwa."

"Na nani?"

"Na shangazi yangu."

"Shangazi yako hayupo hapa. Hapa kila asubuhi unafunua, unatazama, unanusa, halafu unakuja kuniambia ulichokiona. Na usiniletee 'hajambo'. Hajambo si habari."

Akanigawia watu watano. Wa tano alikuwa mkwe wangu.

Bibi Matingo hakujua. Alitoka upande mwingine wa bonde, hakutujua ukoo wetu. Mimi ningeweza kumwambia pale pale. Kwa nini sikumwambia? Miaka yote hii nimejiuliza. Niliogopa ataniona mgeni wa kazi. Nilikuwa nimemwambia nimefundishwa, sasa nianzeje kusema huyu siwezi? Nikaona ni jambo dogo, nitalipitia kando, hakuna atakayejua.

Basi wale wanne niliwafunua. Niliwaosha, niliwanusa, nikamweleza Bibi Matingo usaha rangi gani, nani ana homa, nani amekataa uji. Akawa ananisifu. Wa tano nilimpelekea uji nikiwa nimegeuza uso, na bakuli nikalisukuma kwa kafi la mtumbwi ili nisikaribie. Unacheka? Cheka, hata mimi ningecheka kama yasingetokea yaliyotokea. Mzee naye alikuwa mtu wa heshima. Aliposikia hatua zangu alijifunika gubigubi, na akimaliza uji alikohoa mara moja ili nijue bakuli ni tupu. Hivyo ndivyo tulivyouguzana.

Bibi Matingo akauliza, "Na wa tano?"

"Hajambo."

"Nilikuambia nini kuhusu hajambo?"

"Anakula vizuri. Kidonda kinakauka."

"Umenusa?"

"Nimenusa."

Uliposema juzi "nasema kinaendelea vizuri", mjukuu wangu, niliisikia sauti yangu mwenyewe.

Asubuhi ya tano, kabla sijaondoka pale kibandani, mzee alisema. Hakukohoa, alisema kwa maneno. Wewe unajua maana yake, mkwe mwanamume kumsemesha mke wa mwanawe akiwa amelala chini. Alisema taratibu kutoka ndani ya nguo, "Mama, waambie mguu unawaka moto."

Alijivunjia heshima yake ili aniambie. Alikuwa ananiomba nimsaidie, kwa njia pekee aliyobaki nayo. Na mimi nilikimbia. Nililiacha kafi pale pale. Nilijiambia kwamba nikimpelekea Bibi Matingo maneno yale itabidi niseme kwamba mkwe wangu kanisemesha, na watu watasikia, na nitaonekana mwanamke wa namna gani. Nikanyamaza siku ile nzima na kesho yake.

Siku ya saba Bibi Matingo mwenyewe alipita karibu na kile kibanda, akasimama. Alisimama kwa ajili ya nzi. Akaingia, akafunua. Mimi nilikuwa nje, nikamsikia akivuta pumzi, basi. Akatoka, akaniita kwa mkono.

"Hiki kidonda hakijafunguliwa tangu aletwe."

Nikaanza kufunga nguo yangu upya.

"Nakuuliza wewe. Ulikuwa unanusa nini?"

"Bibi, ni mkwe wangu."

Alikaa chini kwenye tope. Nilidhani atanipiga. Alisema tu, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Mimi si mkwe wake. Ungesema siku ya kwanza, tungebadilishana. Ningechukua wako, wewe ungechukua wangu. Basi."

Ni hilo tu lililohitajika. Nimepita mitihani mingi tangu siku ile, nimezika watoto, mama yako akiwemo, nimeshinda na njaa, na bado sijaona jambo rahisi kama lile nililoshindwa kulifanya.

Bibi Matingo alimwosha usiku kucha na mchana kutwa. Mzee alikufa siku ya tisa.

Sasa sikiliza sehemu mbaya. Ile uliyokwisha kuisoma haikuwa mbaya kuliko hii.

Wanaume walikuja kuzika. Walikuwa wamechoka, wamepigwa, na kila aliyekufa ilibidi wapate sababu, kwa sababu dawa ilikuwa imesema risasi itageuka maji. Sababu ilikuwa moja kila mara, kwamba marehemu alivunja mwiko. Wakakaa pembeni ya kaburi wakaanza. Huyu naye alivunja. Mzee mzima, kashindwa kujizuia. Mmoja akasema alimwona akitoka nyumbani kwake usiku wa kuamkia safari. Basi likawa hilo: alimgusa mkewe, na mkewe akakubali akijua. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama pale pale. Alisema, "Sikumgusa." Hakuna aliyemsikiliza.

Mimi nilikuwa nyuma yake, karibu kiasi cha kushika nguo yake. Nilijua mtu huyu hakufa kwa mwiko wala kwa risasi. Risasi ilikuwa imetoka upande wa pili, na Bibi Matingo alisema wenye majeraha mabaya kuliko lile walikuwa wanatembea. Alikufa kwa sababu sikufungua kitambaa. Na nilinyamaza. Bibi Matingo alinitazama mara moja, kisha akaangalia pembeni. Aliniachia niseme mwenyewe. Ilikuwa nafuu kwangu kwamba hawaniulizi. Ndivyo nilivyohisi, nafuu. Naandika hivi kwa sababu na wewe utaihisi siku moja, mtu mwingine akibebeshwa kosa lako, utahisi nafuu kwanza kabla ya kuhisi lolote jingine. Usishangae ikija. Lakini uitambue.

Mama mkwe aliishi hivyo mpaka mwisho. Watu hawakumtukana, walisogea mbali tu alipokaa. Askari walipochoma maghala na njaa ikaingia, alikuwa anakwenda porini peke yake kuchimba mizizi, kwa kuwa wanawake hawakutaka kuongozana naye. Aliyoipata alikutafunia wewe, akakutia mdomoni, yeye akameza mate. Ndiyo maana uko hai. Alikufa mvua zilipoanza, na waliomzika walimzika kama mwanamke aliyemuua mume wake.

Babu yako ulimsikia mwenyewe. Kila akilewa pombe kidogo anaanza, "Baba yangu, mtu aliyeshindwa kungoja vita iishe!" Mnacheka watoto wote. Miaka yote hii namsikia, nakoroga ugali.

Jana asubuhi ulipokwenda kuteka maji nilimkuta anasuka mgono wake, mtego wa samaki. Nikakaa mbele yake, nikamweleza yote, tangu kafi mpaka kaburi. Hakuinua kichwa. Nilipomaliza aliuliza,

"Basi baba hakuvunja mwiko."

"Hakuvunja."

"Na mama?"

"Alisema kweli. Hakumgusa."

Akafunga fundo moja, akalifungua, akalifunga tena. "Na wewe ulikuwa unanisikiliza nikimtukana."

"Nilikuwa nakusikiliza."

Akachukua mgono ambao haujaisha, akaondoka nao kwenda mtoni. Tangu hapo hajala chakula nilichopika. Jana wewe ulimwona anasukuma sahani, ukaniuliza, nikakuambia ni jino. Si jino.

Shomari ameweka kalamu chini. Anasema, "Mama, haya mengine usiyaandike, atayabeba bure." Nimemwambia nilimfuata kwa ajili ya mkono wake, na anywe maji aendelee.

Sasa habari yako. Ukifika, hata kifurushi usikiweke chini. Usiende kwa Sista kwanza, yeye atataka kujua mengi na Kiswahili chake ni kigumu. Nenda kwa yule Mama Kolumba unayemwita mchawi wa sabuni, yule mjane anayekukaripia kutwa. Umenisimulia mabaya yake yote, kwamba anakunyang'anya kitambaa na kukifunga upya mbele ya wagonjwa, kwamba alikuambia, "Binti, haya uliyojifunza darasani yafungie kwenye sanduku, hapa utaanza upya." Nilikuwa nasikiliza, nikasema moyoni, Bibi Matingo amefufuka. Mama Kolumba alikuwepo tangu hiyo nyumba yenu ya wagonjwa ikiwa banda la nyasi. Huyo anatazama mikono yako. Mwambie, "Nimedanganya siku tisa. Yule mzee ni mkwe wangu, sijamfungua hata mara moja. Naomba unibadilishie."

Ona kwamba sikuambii uvunje heshima. Sikuambii ukamfunue baba yake Damiani. Mila yetu si mbaya, na yule mzee anavuta blanketi kwa sababu anakuheshimu kama mke wa mwanawe, si kwa sababu mguu wake umepona. Mila haijakataza kusema. Hilo niliongeza mimi mwenyewe kwa woga, na wewe umeliongeza vile vile, wala hukujifunza kwangu, maana sikuwahi kukuambia. Labda kila aliye mgeni katika kazi hii huliongeza.

Atakukaripia. Huenda wakakuondoa kwa wagonjwa wakakuweka jikoni kusugua vyungu mwezi mzima. Sugua. Kwa akina Damiani huenda wakasema binti huyu kamwaibisha baba yetu mbele ya watu, na huenda mahari ikarudi. Irudi. Najua unampenda, nimemwona, kijana mzuri, meno yake yamepangika. Nasema hata hivyo, irudi.

Na padri. Najua utataka kukimbilia kwa padri kuungama, ndivyo mlivyofundishwa. Ungama, vizuri. Lakini padri hafungui vidonda. Anza kwa Mama Kolumba.

Kuna jambo jingine ambalo sitaki kulisema ila lazima. Huenda umechelewa. Mimi sijui ule mguu ukoje, na wewe hujui, hilo ndilo kosa lenyewe. Ukikuta umeoza, ukikuta wameshaukata, ukikuta mkeka ni mtupu, watu watakuwa wameshapata sababu. Watasema amerogwa, watamtaja mtu, na kuna mama mahali fulani ambaye watu watasogea mbali naye. Hapo ndipo usimame useme kwa sauti, "Ni mimi. Sikufungua kitambaa." Siku hiyo hiyo. Usikawie kama mimi. Mimi niliowatendea wote wawili wako ardhini, hakuna wa kumwambia ila mtoto wao, naye ni mzee, na nimemwambia akiwa hana tena mama wa kwenda kumpigia magoti.

Usidhani nakuandikia kwa kuwa nakuona mbaya. Nimekulea mimi. Mikono yako ni mizuri kuliko yangu nilipokuwa na umri mkubwa kuliko wako, nimeona ulivyomtoa jirani mwiba bila kumliza. Wagonjwa saba umewafanyia haki. Mtu anaweza kuwa muuguzi mzuri kwa watu saba na kumuua wa nane, na wa nane hatajua kwamba ulikuwa mzuri.

Kesho atakayekuvusha ni babu yako. Nilitaka nimwombe mtu mwingine, akasema, "Nitampeleka mimi." Ni neno lake la kwanza kwangu tangu jana asubuhi. Na kama umeichungulia barua hii kabla ya kuvuka, mkiwa ndani ya mtumbwi usimuulize kitu. Akinyamaza nawe nyamaza, akiongea juu ya mama yake msikilize mpaka amalize, kwa kuwa hajapata kuongea juu yake kama mtoto anavyoongea juu ya mama yake. Mimi nilimnyima hilo.

Usirudi kuja kunitazama. Mimi sina mgonjwa, wewe unaye. Leo asubuhi nimempikia babu yako wali na kambare, akauacha. Jioni nikitoka hapa kwa Shomari nitampikia ugali. Akiuacha, kesho nitapika tena.

Mimi bibi yako, wa Katindiuka.